Foili chini ya bati na matundu ya hewa: uzoefu wetu Tabata

Anayeishi Dar es Salaam chini ya bati anajua adha ya Desemba hadi Machi: jua limezama zamani, lakini dari bado inashusha joto. Kwetu lilikuwepo na tatizo la pili, harufu ya fangasi kwenye chumba cha watoto kilichopakana na bafu. Tukaita kampuni moja ya hapa mjini, tukawapa kazi zote mbili: kuzuia joto na kutoa hewa.

Foili, ile karatasi ya aluminiamu inayong'aa, waliifunga vizuri. Waliingia darini, wakaipigilia chini ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, bila kuigusisha na bati. Hapo usikubali mkato, maana foili hurudisha mionzi ya joto pale tu inapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikigusana na bati, joto linapita tu, kwani yenyewe ni aluminiamu. Kabla ya kazi, kipimajoto chetu cha ukutani kilikuwa kinasoma nyuzi 32 saa nne usiku. Msimu wa joto uliofuata kilizunguka kwenye 29, na feni tunaiweka namba mbili badala ya tano. Kelele za mvua ziko palepale, msidanganywe na wauzaji.

Lakini foili haitoi harufu. Madirisha yetu ni yale ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, ukifungua unapata nusu tu ya dirisha. Matundu ya hewa ya juu, mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameyaziba kwa saruji, nadhani kwa kuogopa mbu. Mafundi waliyazibua na kuweka nyavu, wakakata kidogo chini ya milango ili hewa ipite chumba hadi chumba, kisha wakafunga feni ya kutolea hewa bafuni. Hapo tulibishana, tena sana. Fundi alitaka bomba la feni liishie darini, eti halitaonekana. Mvuke wa bafu ukimwagwa darini unaenda kulowesha jipsam na mbao za kenchi, na fangasi wanahamia ghorofani kwao! Bomba likatolewa nje, ukutani.

Harufu ya chumbani imekwisha baada ya kukwangua ukuta, kuuacha ukauke kabisa na kupaka rangi upya. Jikoni tumeongeza feni juu ya jiko la gesi, kwa sababu gesi nayo ikiwaka hutoa mvuke na nitrojeni dayoksaidi, gesi inayodhuru mapafu. Jiko la mkaa la kuchemshia maharage limehamia nje. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, na sitaki kubahatisha kwa kutegemea tundu la ukutani.

Kasoro zipo. Vumbi la barabara yetu isiyo na lami sasa linaingia zaidi, nyavu zinahitaji kufutwa mara kwa mara. Wakati wa masika hewa ya nje yenyewe imelowa, kwa hiyo kipima unyevu hakishuki sana hata ukifungua kila kitu.

Kazi ya foili ningewapa tena bila kusita. Umeme, hapana: feni ya bafuni wameiunganisha na swichi ya taa, ukizima taa nayo inazima, wakati inatakiwa iendelee kuzunguka angalau robo saa baada ya mtu kuoga. Kila nikipiga simu wanasema wanakuja kesho.