Bomba la mililita 60 la kuoshea kibofu: nunua lenye mdomo mrefu

Wazazi wenzangu wenye watoto wa mgongo wazi, naandika kuhusu bomba la mililita 60, lile lenye mdomo mrefu uliochongoka na pete ya kidole nyuma. Siyo lile la kufungia sindano. Mdomo wake ni mfupi, haukai kwenye mpira wa mkojo, na maji yote yanaishia mapajani kwa mtoto. Duka la vifaa tiba ukisema tu "bomba kubwa" utapewa hilohilo. Waambie unataka lile la kulishia wagonjwa kwa mpira wa puani, watakuelewa mara moja.

Binti yangu ana miaka 12. Kibofu chake kiliongezwa ukubwa kwa kushonewa kipande cha utumbo mwembamba, na mkojo anautoa kwa mpira kupitia kitundu kilichopo kitovuni, ambacho madaktari walikitengeneza kwa kidole tumbo. Upasuaji ule umetusaidia sana. Anakwenda shule mkavu na anarudi mkavu. Ila utumbo hauachi kazi yake hata ukishonwa kwenye kibofu, unaendelea kutoa ute. Kitundu nacho kiko juu, kwa hiyo chini kunabaki mkojo kidogo. Ute ukikaa humo na bakteria wakaingia, madini ya kwenye mkojo yanaganda juu yake mpaka linakuwa jiwe. Yeye alianza na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zisizokoma, mkojo ukawa na harufu kali, kisha damu ikaonekana kwenye mpira. Jiwe lilitolewa kwa upasuaji mwaka jana. Lilinifanya nilie pale wodini, kwa sababu mtoto huyu ameshapasuliwa mara nyingi mno.

Dokta alinieleza utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004: wagonjwa ambao hawakuwa na utaratibu wa kuosha kibofu, 43 katika kila 100 walipata mawe, waliokuwa wanaosha, 7. Ndiyo maana nalithamini bomba hili kuliko dawa nyingi tulizowahi kuandikiwa.

Jinsi linavyofanya kazi: nachemsha maji, naweka gramu 9 za chumvi kwa lita moja, nayaacha yapoe. Binti anatoa mkojo wote kwanza, anachomeka mdomo wa bomba kwenye mpira, anasukuma taratibu, kisha anavuta. Siku za mwanzo kinachorudi ni kama mlenda, kinateleza na kunyooka ndani ya bomba. Anamwaga, anarudia mpaka maji yatoke safi bila ute. Sisi tumeambiwa mililita 240 kila siku, yaani mabomba manne. Wako muulize daktari wake. Pete ile ndiyo niipendayo zaidi, kwa sababu anavuta kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mpira, bila kuniita. Bomba likigoma kusukumika msilazimishe, kibofu kilichoongezwa kinaweza kupasuka. Na tumbo likimuuma ghafla au likavimba, nendeni hospitali usiku huohuo.

Kasoro zipo. Namba za pembeni zinafutika haraka kwa kuoshwa na sabuni, tumechora mstari wetu kwa kalamu ya wino usiofutika. Raba ya ndani inakauka, bomba linaanza kukwama, na hapo ni kulitupa tu. Sista wetu alishasema pia kwamba likipata ufa au ukungu, hata kama ni jipya, lisiguse kibofu cha mtoto.

Nalipatia bomba hili nyota nne. Bei yake haifiki nusu kilo ya nyama, kwa hiyo chukua mawili, moja likae akiba. Kabla hujalipa, soma pakiti ya bomba na ya mpira uhakikishe hakuna lateksi, yaani mpira wa utomvu wa mti, maana miili ya watoto wetu wengi inaikataa, na wengine hushindwa hata kupumua.