Fundi alitaka kufomati seva kwa sababu ya herufi moja isiyoonekana

Kazi aliyopewa fundi huyu wa hapa Kampala ilikuwa ndogo: kompyuta za ofisi, zote Windows, ziwe zinapeleka mafaili kwenye seva ya Linux kwa usalama. Kebo alizivuta vizuri, hilo simnyimi. Lakini usalama? Alifungua FTP, njia ya zamani ya kutuma mafaili, kwenye poti 21 (mlango wa mtandao wa seva), ambako nywila na kila mstari wa faili vinapita wazi kwenye mtandao. Alipoulizwa akajibu, "Mzee, ni faili la maandishi tu, nani ataliiba?" Faili lenyewe ni orodha ya mishahara na namba za simu za wafanyakazi!

Kisha malipo ya mishahara kwa simu, yanayosomwa na skripti (programu ndogo) kutoka faili hilo, yakagoma. Namba iko safu ya mwisho, na kila moja ilikataliwa ingawa kwa macho ilikuwa sawa: 256 na tarakimu tisa, jumla 12. Skripti ilihesabu 13. Fundi akasema Linux imeharibika, alipwe tena afomati seva. Afomati seva! Angeandika tu `cat -A mishahara.csv` angeona ^M mwishoni mwa kila mstari. Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR (ndiyo hiyo ^M) na LF; Linux hutumia LF peke yake, kwa hiyo ile CR inabaki imeng'ang'ania namba. Dawa ni `dos2unix mishahara.csv`. Kama haipo, `sed -i 's/\r$//' mishahara.csv`.

Sasa tunatumia WinSCP, programu ya Windows ya kutuma mafaili, kwa SFTP, njia inayoyasimba njiani, poti 22. Naipa nyota tano. Hapana, nne: modi yake ya maandishi hubadilisha miisho ya mistari, inafaa kwa .txt na .csv, lakini ukipitisha zip humo inaharibika. Iache kwenye modi ya binary, isiyobadilisha kitu, kisha geuza miisho mwenyewe kwa dos2unix. Asiyetaka kusakinisha kitu, Windows 10 inakuja na `scp`, amri ya kunakili mafaili kwa usalama, tangu 2018. Mara ya kwanza itakuonyesha alama ya ufunguo wa seva, yaani kitambulisho chake. Ilinganishe na jibu la `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub` kwenye seva yenyewe kabla ya kuandika yes. Ukitaka kuhakiki kwamba faili limefika bila kubadilika, linganisha namba zake za uhakiki (hash): tumia `certutil -hashfile mishahara.csv SHA256` upande wa Windows na `sha256sum` upande wa Linux, kabla ya dos2unix, maana baada yake hazitalingana.

Nilitaka kusema kwa kebo tu mwiteni. Nimeghairi, msimwite. Poti 21 bado iko wazi, na salio lake silipi mpaka aje aifunge.