SystemRescue: flashi iliyoiamsha seva ya dukani

Wadau mnaosimamia seva za ofisi ndogo, leo naizungumzia SystemRescue, programu ya bure unayoiweka kwenye flashi na kuitumia kuwashia mashine ambayo mfumo wake umegoma. Wakongwe wanaikumbuka kwa jina la SystemRescueCd. Ni Linux kamili iliyojengwa juu ya Arch, na haiandiki chochote kwenye diski zako mpaka wewe mwenyewe uiamuru.

Seva yenyewe ni ya duka la jumla la vipuri hapa Tanga. Programu ya mauzo na stoo vyote vimo humo. Umeme ulikatika usiku, betri ya UPS ilishachoka, na saa hiyo mfumo ulikuwa katikati ya kujisasisha. Asubuhi feni zinazunguka kama kawaida, nembo inatokea, kisha mistari myeupe inateremka mbiombio na kukwama hapa: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Nikawasha upya huku nimeshikilia Shift ili menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, itokee, nikachagua kerneli (kiini cha Linux) ya zamani. Nayo ikakwama palepale.

Mwenye duka alikuwa ameshampigia fundi mwingine, akapewa jibu lile lile la siku zote: diski imekufa, tufomati. Jamani! Ujumbe ule hausemi diski imekufa. Unasema kerneli imeamka ila haijaufikia mzizi wa mfumo, yaani sehemu ya diski yenye mafaili makuu ya mfumo, na mara nyingi sababu ni faili ya initrd, inayobeba dreva za kuifikia diski, kukosekana au kuharibika. Kufomati hapo ni kumzika mtu aliyezimia.

Basi nikachomeka flashi. Kwanza nikaihoji diski hali yake ya afya kwa smartctl -a /dev/sda. Mistari miwili ndiyo huwa naikimbilia, Reallocated_Sector_Ct (vipande vya diski vilivyoharibika na kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (vinavyoshukiwa), na yote ilisoma 0. Diski nzima kabisa. Amri ya lsblk ikanionyesha sehemu zote, zikiwemo zile za LVM (mfumo wa kugawa diski). Nikaupachika (mount) mzizi kwa kusoma tu, nikanakili data ya mauzo kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kingine chochote. Mwenye duka alipoona mafaili yake yanahama moja moja, ndipo akavuta kiti akakaa.

Kisha nikafungua sehemu ya boot, nikapiga ls -l. Faili za vmlinuz, yaani kerneli zenyewe, zipo na ukubwa wake wa kawaida. Za initrd.img, zote, ukubwa 0. Umeme uliondoka zikiwa zinaandikwa.

Tiba yake haikuwa ndefu: fsck (kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) kwenye sehemu hizo kabla ya kuzipachika upya, mzizi chini ya /mnt, boot ndani yake, halafu /dev, /proc na /sys kwa mount --bind. Nikaingia ndani ya mfumo wa seva yenyewe kwa chroot, nikaendesha update-initramfs -c -k all kuziunda upya initrd, nikamalizia na update-grub kuisasisha menyu ya kuwashia. (Seva hii ni ya ukoo wa Debian, kwingine amri ni nyingine.) Nikachomoa flashi, nikawasha, ikapanda moja kwa moja hadi kwenye login.

Kasoro zipo. Haikubali Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokataa mifumo isiyotambuliwa, kwa hiyo lazima uingie kwenye mipangilio ya mashine uizime, na kama nenosiri la humo alilifunga mtu aliyeshahama kazi, utapata tabu. Firewall yake nayo inazuia SSH (kuingia kwenye mashine kupitia mtandao) kutoka nje, hivyo anayetaka kusaidiwa kwa mbali aongeze neno nofirewall kwenye mstari wa kuwashia. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na kinachokupokea ni skrini nyeusi ya amri. Startx inaleta madirisha, lakini kazi kubwa bado utaiandika kwa mkono. Kwa anayeanza kabisa, naona ni ngumu.

Hata hivyo sitoki nyumbani bila hiyo flashi. Ndani yake kuna memtest ya kupima RAM, testdisk ya kutafuta patisheni zilizopotea, na ddrescue ya kunakili diski inayokufa. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kukimbilia endapo Current_Pending_Sector inapanda: usianze na fsck, kwa sababu diski inayokufa haihitaji kuongezewa kazi. Inakili kwanza yote kwenye diski nyingine, halafu matengenezo yako yafanyie kwenye nakala.