Ruta kwa nyumba inayopakua mafaili makubwa: ipi ununue, ipi uiache

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayepakua michezo ya gigabaiti 100, nakala rudufu za picha au torenti (mafaili yanayochukuliwa vipande vipande kutoka kwa kompyuta za watu wengine) usiku kucha, usichague ruta kwa namba iliyochapwa kwenye boksi. AX1800, AX3000, AX5400: hizo ni kasi za nadharia za masafa yote, zikajumlishwa na kupandishwa kidogo ili ziwe namba nzima. AX3000 ni megabiti 574 za masafa ya GHz 2.4 na 2402 za GHz 5. Laptopu yako ya Wi-Fi 6 hutumia masafa ya aina moja kwa wakati mmoja, na kasi unayoiona kwenye skrini huwa chini sana ya ile iliyoandikwa.

Hesabu inayokuhusu ni hii. Watoa huduma huuza kasi kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ina megabiti nane. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde hushusha megabaiti 12.5, basi mchezo wa gigabaiti 100 utachukua saa mbili na zaidi ya dakika kumi. Sasa tazama matundu ya waya nyuma ya ruta. Ruta nyingi za bei ya chini bado zina tundu la WAN, yaani linaloingiza intaneti kutoka kwa mtoa huduma, lenye kikomo cha megabiti 100. Ukilipia laini ya megabiti 300, theluthi mbili ya pesa yako inaishia kwenye tundu hilo, hata kama boksi limeandikwa AC1200. Soma maelezo ya matundu kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Tundu hilo likiandikwa 10/100, rudisha boksi rafuni.

Jambo la pili ndilo linalogombanisha watu nyumbani, na matangazo huligusa mara chache. Mmoja anaanza kupakua, mwingine anakatika sauti kwenye mkutano wa video, na lawama zote anatupiwa mtoa huduma. Kinachotokea ni kwamba laini ikijaa, pakiti (vipande vidogo vya data) hupangwa kwenye foleni ndani ya ruta au modemu, na foleni hiyo ikiwa ndefu mno kila kitu kinasubiri nyuma ya faili kubwa. Ucheleweshaji uliokuwa milisekunde 20 unapanda hadi mamia. Upande wa kupandisha ni mbaya zaidi, maana kwenye laini nyingi huwa mwembamba: torenti ikiujaza, hata ujumbe mfupi wa kuthibitisha kwamba pakiti zimefika unachelewa, na upakuaji wenyewe unapungua kasi.

Dawa ipo. Inaitwa SQM, yaani usimamizi mahiri wa foleni, nayo hutumia mbinu kama fq_codel, iliyochapishwa kwenye hati ya kiufundi RFC 8290 mwaka 2018, na CAKE. Mbinu hizi hutenganisha mikondo ya data inayopita kwenye laini ili pakiti ndogo ya simu isikae nyuma ya faili kubwa. Lakini zina gharama. Kwa kawaida ruta hupitisha data kwa kifaa maalumu kinachoipunguzia prosesa kazi. Ukiwasha SQM, mara nyingi kila pakiti lazima ipite kwenye prosesa. Ikiwa prosesa ni dhaifu, laini ya megabiti 500 inaweza kutoka ikiwa nusu. Kwa hiyo naiweka prosesa juu ya antena katika orodha hii, na sioni sababu ya kumsifu mtu aliyenunua antena nane.

Nafasi ya kwanza naipa GL.iNet Flint 2, yaani GL-MT6000. Ina prosesa ya viini vinne, kumbukumbu ya gigabaiti 1, matundu mawili ya gigabiti 2.5 na manne ya gigabiti 1. Programu yake imejengwa juu ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta, hivyo SQM inapatikana bila kuhangaika, na nguvu ya kuiendesha kwenye laini nene ipo. Kwa nyumba yenye faiba na mtu anayependa kugusa mipangilio kidogo, sijui kwa nini atafute kingine.

Ya pili ni ASUS RT-AX86U, kwa asiyetaka kabisa kujifunza mambo ya mtandao. Nayo ina viini vinne, gigabaiti 1 ya kumbukumbu na tundu la gigabiti 2.5. Sifa yake kubwa kwa msomaji wa makala hii ni kwamba unaweza kuchomeka diski kwenye tundu la USB, ukasakinisha programu ya kupakulia ya Download Master, na ruta ikapakua torenti yenyewe huku kompyuta imezimwa. Tahadhari moja: USB 3.0 inaweza kuvuruga masafa ya GHz 2.4, kwa hiyo weka diski mbali kidogo na antena.

Ya tatu, MikroTik hAP ax3. Kwa uwezo ingestahili kukaa juu zaidi: viini vinne, gigabaiti 1, tundu la gigabiti 2.5, na RouterOS 7, mfumo unaoiendesha, ina CAKE na fq_codel. Imeshuka kwa sababu mipangilio yake inamtaka mtu mwenye subira. Aliyewahi kusimamia mtandao wa ofisi ataipenda. Asiyejua anwani ya IP ni nini ataichukia wiki ya kwanza.

Ya nne ni ruta za daraja la AX3000 kama TP-Link Archer AX55, yenye matundu ya gigabiti na USB 3.0. Laini ikiwa ya megabiti mia mbili au tatu, na wapakuaji si wengi, inatosha. Usitarajie iumudu mgongano mkubwa wa foleni.

Seti za mesh, yaani vituo kadhaa vinavyosambaza Wi-Fi moja nyumba nzima, naziweka mwisho. Zinatibu ugonjwa mwingine, yaani nyumba pana yenye kuta nene. Vituo visipounganishwa kwa waya, hewa ileile inayobeba data yako hutumika pia kuipeleka kituo cha pili, na kasi inashuka unapoihitaji.

Wi-Fi 7 je? Vyeti vyake vilianza kutolewa Januari 2024, na ni teknolojia nzuri. Lakini kama laini yako haifiki gigabiti na simu zenu ni za Wi-Fi 6, pesa ya ziada haitakushushia faili mapema hata kwa dakika moja.

Kabla ya kulipa, fanya kipimo kimoja: chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta uliyonayo na upime kasi. Ikifika ile unayoilipia, shida iko hewani, na huenda kusogeza ruta katikati ya nyumba kukatosha. Isipofika, jaribu kuchomeka kwenye modemu moja kwa moja. Ikiwa huko nako ni hafifu, ruta mpya haitakusaidia, piga simu kwa mtoa huduma.

Ukishanunua, kompyuta inayopakua iunganishe kwa waya. Waya wa kawaida wa mtandao wa Cat 5e hubeba gigabiti 2.5 hadi mita 100, huhitaji waya wa kifahari. Washa SQM na uweke kikomo kwenye asilimia 90 hivi ya kasi uliyoipima, kushusha na kupandisha. Kwenye programu ya torenti, punguza idadi ya miunganisho hadi mia mbili na uwekee kikomo upande wa kupandisha. Kisha anza kupakua faili kubwa, mwambie mtu apige simu ya video, na shusha kikomo kidogo kidogo mpaka sauti isikatike.