Vishikwambi vya kununua Tanga, kuanzia cha kwanza hadi cha kukimbia

Tangu vishikwambi vya Sensa ya 2022 vigawiwe walimu, wazazi wengi Tanga nao wanataka kimoja nyumbani. Hapa navipanga kwa mtumiaji mmoja tu: mwanafunzi wa sekondari anayesoma PDF na kufuatilia masomo YouTube, katika nyumba isiyo na Wi-Fi. Hilo la Wi-Fi ndilo linalopindua orodha yote.

Namba moja ni Samsung Galaxy Tab A9+, ile ya laini. Kioo chake cha inchi 11 kinakupa ukurasa mzima wa mtihani wa NECTA wa miaka ya nyuma: mchoro wa Baiolojia juu, maswali yake chini, bila kuvutavuta kwa vidole. Spika ziko nne, tundu la hedifoni lipo, memori kadi inaingia, betri ni mAh 7,040. Kasoro nazo zipo. Kaa nayo Raskazone saa nane mchana uone: kioo kinakurudishia sura yako mwenyewe. Yenye RAM GB 4 na hifadhi GB 64 huanza kuchechemea ukifungua mambo matatu kwa mpigo, kwa hiyo mwenye uwezo aongeze pesa achukue ya GB 8 kwa 128.

Kuna mtego hapa. Ya Wi-Fi pekee na ya 5G inayoingia laini zinafanana kama mapacha. Muuzaji wa Ngamiani akikwambia "hii laini inaingia, bosi", mwombe pini, trei itolewe mbele yako. Ya Wi-Fi ina nafasi ya memori kadi tu.

Ya pili ni Redmi Pad SE ya inchi 11. Betri mAh 8,000, kioo kizuri vilevile, na mara nyingi bei yake iko chini. Ningeipa namba moja bila kusita, ila haina laini kabisa. Mtoto ataishi kwa hotspoti ya simu ya baba, na baba akienda Pangani ameondoka na intaneti. Halafu inachaji kwa wati 10: betri kubwa, mrija mwembamba. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unaikuta nusu.

Tab A9 ndogo, inchi 8.7, naiweka ya tatu. Ina gramu 332 tu, inakaa vizuri kwenye mkoba, na ya laini ipo. Kwa kuandika mauzo ya duka inatosha sana. Kwa PDF, macho yatauma.

iPad ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, siku hizi utaipata zaidi iliyotumika. Ni nyepesi kutumia na bado inapokea masasisho, lakini ya GB 64 hujaa haraka na memori kadi haiingii. Hatari kubwa ni akaunti ya iCloud ya mwenyewe wa kwanza: isipoondolewa, kifaa hubaki kimefungwa. Mwambie muuzaji afute kila kitu na aiwashe upya ukiwa umesimama hapo. Ikidai barua pepe ya mtu usiyemjua, usitoe hata shilingi, hata uahidiwe kuwa fundi yupo.

Za mwisho ni zile za watoto zisizo na jina, zenye kava la sponji la rangi. Boksi linajigamba RAM GB 8, ukifungua herufi zina vinukta kwa sababu kioo ni cha 1024 × 600. Ingia Play Store, kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu: kama kifaa hakijathibitishwa, mrudishie mwenyewe.

Chenye laini, kabla hujalipa, chukua IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, iliyo kwenye boksi, ilinganishe na ya ndani ya mipangilio, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA. Jibu likitaja kampuni au modeli nyingine, muulize muuzaji boksi hilo amelitoa wapi.