Kambale kwenye akwariamu mpya: kuelesha mfuko au matone?

Kuelesha mfuko ndo wengi wanafanya, unauacha juu ya maji dakika 15 mpaka 20 joto lilingane basi unamhamisha, ila hapo umesawazisha joto tu, pH (kipimo cha uchachu wa maji) bado. Matone ni maji ya akwariamu kudondokea kwenye chombo chenye samaki kupitia mpira mwembamba uliopigwa fundo, 2 au 3 kwa sekunde, yanakula kama saa nzima lakini kambale hana magamba ya kumkinga bwana, mi naona azoee taratibu. Isipokuwa mfuko umesafiri siku nzima! Ukiufungua tu kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, amonia (taka ya samaki iliyojaa humo) inakuwa sumu kali, hapo elesha bila kufungua afu mtoe fasta. Kwa kikombe lakini, maana miba ya mapezi yake hunasa kwenye wavu.