Kisu cha mhunzi wa Mamba: miezi minane buchani

Nina bucha Pasua, Moshi, na visu vya dukani vimenichosha. Wiki mbili tu vimeshakuwa butu. Nikapanda Mamba, karibu na Marangu, ambako Wachaga wamefua chuma vizazi na vizazi, hata mikuki ya Wamaasai.

Fundi alichukua kipande cha springi ya Land Rover, akakitia kwenye makaa huku kijana akivukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Akagonga, akarudisha motoni, akagonga tena. Mwisho akakichovya kwenye mafuta. Maji, alisema, yanaweza kukipasua. Inchi nane, mpini wa mninga, Sh 35,000.

Jamani, kinakata! Natenganisha maungio ya ng'ombe mzima, jioni nakipitisha kwenye kinoo mara moja, basi. Ila kinashika kutu: ukikilaza na damu, asubuhi kina madoa. Mimi nakifuta na kukipaka mafuta. Mpini ulikuwa mnene kwa kiganja changu. Nilimrudishia, akaupunguza bure.

Wenzangu wanne wa Mbuyuni wameshaagiza, na sasa foleni yake ni wiki tatu. Ukitaka cha Krismasi, panda mapema.